Klachi Niliyoikataa, Wakasema Niliichagua Mimi

Naomba ukurasa huu ufiche jina langu, maana Tukuyu ni ndogo na gari nitakalolitaja linajulikana kuliko mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa watoto watatu, nimeolewa Lupepo. Naandika kwa hasira. Karatasi mbili nimeshazichana.

Kabla ya kuolewa niliuza spea miaka minne katika duka moja Makandana. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyetoka pwani, alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo macho ya duka yalikuwa yangu. Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa kupima, kugeuza, kunusa, na kusikiliza mafundi wakirudi kututukana.

Baba mkwe wangu ana Landrova ya zamani. Inabeba ndizi, wagonjwa, maharusi na majeneza. Dereva ni mume wangu. Sasa, kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala haongei naye. Wengi mmeshaiacha, nyumbani kwetu haijaachwa. Akipita, najificha. Miaka saba namjua kwa kikohozi na mlio wa mabuti. Chini ya gari lake napajua kuliko sura yake.

Klachi ikaanza kuteleza. Injini inanguruma, gari liko pale pale, harufu ya kuungua imejaa uani. Fundi akashusha gia boksi. Mume wangu akaleta pleti mbili za klachi za kuchagua. Moja mpya, ndani ya boksi jekundu linalong'aa. Nyingine mtumba, imetolewa kwenye Landrova iliyochinjwa ikauzwa spea spea, ina vumbi la kutosha kupanda mahindi, lakini nyama yake bado nene. Baba mkwe alikuwa msibani, kwa hiyo nikatoka na futi yangu ya kushonea. Pleti iliyochakaa: inchi tisa na nusu. Mtumba: tisa na nusu. Ya boksi: tisa.

"Hii ndogo itakudanganya," nikamwambia mume wangu, mama mkwe akiwa hapo anamenya ndizi. "Meno ya katikati ni yale yale kumi, kwa hiyo itaingia. Tambarare utaenda vizuri. Mlimani na mzigo itakuachia."

Mama mkwe akacheka. "Nusu inchi tu, mwanangu? Si kama kidole?"

"Gari zima linashikwa na hicho kidole, mama."

"Haya, nitamwambia baba," akasema mume wangu.

Jioni baba mkwe akarudi. Mimi nyuma ya ukuta wa jiko, nasikiliza.

"Miaka yote tumefunga viraka!" akafoka. "Spea tulikuwa tunaiomba kwa barua. Leo biashara imefunguliwa, maduka yamejaa, mpya hii hapa, halafu nifunge ya gari maiti?"

Nikaisubiri sauti ya mume wangu. Ikaja: "Kweli tata, baba yangu, mpya ni mpya."

Fundi naye akajaribisha, akasema, "Mzee, imeingia bila hata nyundo!"

Nikauma kitenge.

Wiki ya pili, mume wangu akipandisha kutoka Masoko na shehena ya ndizi, mvua imetoka kunyesha, mama mkwe amekaa mbele. Injini ikapiga kelele, gari likagoma. Akakanyaga breki, matope yakalirudisha kinyumenyume mpaka mtaroni. Mama mkwe akavunjika mkono.

Jumapili baada ya ibada ukoo ukakaa uani, mimi tena nyuma ya ukuta wa jiko. Mdogo wa baba mkwe akauliza, "Takataka hii alichagua nani?"

Mume wangu, baba wa wanangu, akajibu: "Mke wangu. Si ndiye aliyeuza spea?"

Mmoja akadakia, "Kumbe Landrova inaendeshwa na jiko!" Wakacheka. Mama mkwe alikuwepo, yeye aliyesikia kila nilichosema. Akabaki anakunakuna plasta yake. Baba mkwe akakohoa, akatoa hukumu: nirudi kwetu, nije na baba yangu kuomba radhi. Ila nisiondoke kwanza mpaka plasta ya mama mkwe itolewe, maana hakuna mwingine wa kumwogesha.

Ndiyo, mmesoma vizuri.

Nikimwogesha nikamuuliza, mama, mbona hukusema? Akajibu polepole, "Mwanangu, ningesimama mbele za watu niseme mtoto wangu ni mwongo? Ni mumeo. Mfichie." Siku hiyo kitenge nilimfunga kwa nguvu kuliko kawaida.

Jana mume wangu amekuja jikoni, mpole kama mgeni. "Mama watoto, mwisho wa mwezi naenda kununua klachi nyingine. Baba amesema safari hii nichague mwenyewe. Nichukue ipi? Nielekeze tu, hakuna atakayejua."

Nikamuuliza, "Hakuna atakayejua nini?"

Akaangalia sufuria.

Sijamjibu mpaka sasa. Nikimwelekeza, gari litapanda milima, ataitwa mwanaume mwenye akili, na mimi nitakuwa kwetu namsihi baba yangu, mzee wa watu, aje kuinama kwa kosa ambalo sikulifanya. Nikinyamaza, ataleta boksi jingine jekundu, na humo ndani wanapanda wajawazito, wanapanda na wanangu. Nikitoka nikasimama mbele ya baba mkwe, nikamwambia kwa mdomo wangu kilichotokea, nitakuwa nimevunja mwiko ambao mwanamke wa nyumba hii hajawahi kuuvunja, na watoto wangu watanyooshewa vidole.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaoishi na wakwe, nipeni akili zenu kabla plasta haijatolewa: nimwelekeze, ninyamaze, au nitoke niseme? Nifanye lipi? Ila tafadhali, asiniandikie mtu kwamba nivumilie. Kuvumilia nimefanya miaka saba, na mwisho wake ndio huu mnaousoma.