Kiapo cha Wanaume wa Roma

Generosa alikuwa na mwaka wa pili akifundisha Kilatini katika shule ndogo ya kanisa mjini Roseville, na kibali chake cha kuishi Marekani kilitegemea kazi hiyo. Kwa hiyo alipoitwa ofisini kwa mkuu wa shule akamkuta mzee Muriuki, baba wa mwanafunzi wake Keziah, amekaa na Biblia mapajani, alibaki amesimama karibu na mlango.

"Mwalimu, jana binti yangu aliunguzwa na chai," Muriuki alisema. "Akapiga kelele, 'Mehercule!' Kumuuliza, ati ni kuapa kwa Hercules, mungu wa Warumi. Mtoto wangu ana-swear kwa sanamu!"

Mkuu wa shule hakujua Kiswahili, lakini malalamiko alikwisha kuyapata kwa Kiingereza. Akakata neno: jina hilo litoke darasani, au mwalimu atoke.

Generosa alifikiri haraka. Angekubali, yangekwisha. Lakini leo Hercules, kesho Venus, keshokutwa Mars. Angebaki kufundisha nini?

"Mzee," alisema, "Wagiriki walimwita Herakles. Waetruski, majirani wa Roma, wakalifupisha jina hilo: Hercle. Warumi wakalipata likiwa limekwisha kupita vinywani mwa Waetruski, wakasema Hercules. Wakaliapia mpaka likachakaa, likawa neno la kushtukia tu, kama Mkristo anavyosema 'lahaula' bila kusilimu. Tena walioapa hivyo ni wanaume tu. Keziah angewashangaza hata Warumi."

Muriuki hakucheka. "Kumbe ulijua ni kiapo, na bado ukamfundisha."

"Nilijua."

Generosa akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Njoo darasani kesho, mzee. Ukiona ninaabudu kitu, nitaondoka mwenyewe."

Akaja. Alikaa nyuma, koti hakulivua. Chaki ilimvunjikia Generosa mara mbili akiandika Herakles, Hercle, Hercules. Keziah hakuinua uso hata mara moja. Wenzake walipofika kwenye kiapo walinong'ona, wakimtazama yule mzee kwa pembe ya jicho.

Kipindi kilipokwisha, Muriuki alimwambia mkuu wa shule kwa Kiingereza, "Ibada sijaona." Malalamiko akayafuta.

Ila wiki ileile alimhamishia Keziah darasa la Kihispania, na kanisani Columbia Heights, walikosali wote wawili, akawa anamsalimia Generosa kwa mbali, kwa kuinua mkono tu. Kazi ilibaki. Lakini kwa muda mrefu Generosa, kabla ya kuandika jina lolote la mungu ubaoni, alitazama mlango kwanza.