Baba Aliponikataa kwa Sababu ya Kusuka Nywele

Ndugu mnaonisikiliza, mimi ni mwanaume na ninasuka nywele. Nilizaliwa Ajia, huku Uganda, na saluni ninamosukia iko Koboko mjini. Kabla sijaugua nilikuwa mnene kiasi, na nilicheka hovyo.

Baba alidhani kazi yangu mjini ni ujenzi. Shangazi alipomwambia ukweli, Baba alinipigia simu. "Mimi sina mtoto wa kusuka wanawake. Usikanyage kwangu tena." Akakata.

Nikajiambia ni maneno tu, lakini mwili haukukubali. Usingizi ulipotea. Tumbo likafunga, siku nne sikwenda choo. Moyo ulidunda nikiwa nimekaa tu. Nikanywa dawa ya minyoo mara tatu. Kama minyoo ilikuwamo, ilikufa ikinihurumia. Nikapima malaria Koboko, nikaenda hadi Arua kupima taifodi. Hakuna kitu. Nikakasirika: mtu anakonda hivi, hana hata malaria!

Nilifika mahali pa kutamani nisiamke tena. Siku moja nilimsuka bibi harusi huku machozi yakimdondokea kichwani. Alipojiona kwenye kioo alipiga kelele: "Hii nywele ama njia ya kwenda Lobule? Iko inapinda kila mahali!"

Mama Zubeda, tunayepanga naye saluni, akanishika mkono kunipeleka kwa muuguzi wa magonjwa ya akili.

"Mama, mimi si kichaa."

"Kichaa hapana. Lakini wewe iko unalilia watu kwa kichwa. Twende."

Muuguzi hakunichoma sindano. Aliniuliza, "Nani amekukataa?" Nililia mpaka kamasi zikashuka kwenye shati. Akasema, "Huu ni ugonjwa, na unatibika." Akanipa vidonge, na kila wiki tulizungumza. Mama Zubeda aliniletea chakula, akakaa kunilinda mpaka nimalize. Baada ya miezi miwili nikaanza kulala, ingawa Baba alikuwa bado kimya.

Dada yangu ndiye aliyemweleza Baba hali yangu. Asubuhi moja Baba akaingia saluni na kuku kwapani, akaketi kati ya wateja. Mmoja akamuuliza, "Mzee, na wewe iko unasuka?"

Baba hana unywele hata mmoja. Akajibu, "Hapana. Mimi iko naangalia mutoto yangu."

Kitana kikaniponyoka. Alitazama saa mbili nzima, kisha akamnyooshea kidole mteja wangu: "Huyu, upande ya kushoto haiko sawa."

Ilikuwa kweli. Nikafumua, nikarudia.

Namshukuru Mungu, muuguzi, na Mama Zubeda aliyenikubali kabla ya Baba. Wewe uliyekataliwa na watu wako, usingoje wabadilike ndipo utafute tiba. Wengine hawatakuja. Nenda kliniki, na ukae karibu na yule anayekuuliza kama umekula. Nanyi wazazi, kazi ya mtoto isipowapendeza, mgombezeni. Lakini mgombezeni akiwa ameketi kwenu, anakula.