Kanisa linasubiri nesi, mimi nimejaza Hisabati

Admin, nifichie jina, na kanisa letu pia usilitaje, maana hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni binti wa miaka ishirini na moja, mzaliwa wa Bukavu. Naishi na baba yangu, fundi cherehani. Nimemaliza sekondari mwaka huu, nikaomba ufadhili wa kusoma chuo Lilongwe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nianze nyuma kidogo. Tulifika hapa mwaka 2007, nikiwa na miaka tisa. Baba alianza kushona barazani, na mchezo wangu ukawa chaki na mabaki ya vitambaa. Watu wa hapa huleta kitambaa kidogo na kutaka gauni kubwa. Basi mimi nachora vipande sakafuni, nageuza mkono huku, kola kule, mpaka vyote vinaenea. Siku moja baba alipewa mavazi ya kwaya, akapima, akaona kitambaa hakitoshi. Nikamwonyesha kwamba mikono ikilazwa mmoja juu mmoja chini, kinatosha na kubaki. Akawaambia wateja, "Muone huyu mutoto. Iko na kichwa kunipita mimi." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Shuleni ikawa kinyume. Bukavu nilikuwa nimeshasoma miaka mitatu kwa Kifaransa, hapa nikarudishwa darasa la kwanza kwa sababu ya Kiingereza. Nilimeza. Lakini darasa la tano mwalimu wetu wa hesabu, Mmalawi, alinipa sifuri kwenye kugawanya wakati majibu yangu yote yalikuwa sahihi. Kwetu tulifundishwa kuweka namba inayogawanya upande wa kulia, jibu chini yake, na kutoa tunatolea kichwani. Wao huiweka kushoto na kuandika kila hatua. Mwalimu hakuona hatua, akasema nimeiba majibu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilisimama nikamwambia anipe nyingine ubaoni. Akanipa, nikaipata. Ile sifuri hakuifuta, ila tangu siku hiyo kila kipindi alinipa swali gumu kuliko la wenzangu, akisubiri nianguke. Alidhani ananikomesha, kumbe ananinoa. Kufika kidato cha nne, wavulana walionicheka walikuwa wanapanga foleni kwangu na madaftari.

Sasa baba. Yeye anataka niwe nesi. Mama yangu aliugua njiani tulipokuwa tunakimbia, na hatukupata mtu wa kumtibu. Simdharau baba kwa hilo, hata mimi mama namlilia mpaka leo. Fomu zilipotoka aliniita. Huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake mzazi.

"Mama, ukikuwa infirmière, kila inchi itakupokea. Mukimbizi wa hesabu, atahesabia nani?"

"Papa, njo we mwenyewe ulinifundisha kupima."

"Nilikufundisha kupima nguo. Batu banakufa, we unaniambia hesabu."

Nikanyamaza. Akadhani nimekubali. Fomu ina nafasi ya kozi moja tu, nikaandika Hisabati, nikapanda minibasi mwenyewe mpaka Lilongwe, nikaikabidhi ofisini kwa wafadhili, mtaa wa Area 18. Niliporudi baba aliuliza kama nimepeleka. Nikasema ndiyo. Hakuuliza nimeandika nini, nami sikumwambia.

Kosa langu ni kule kunyamaza, nalikiri. Kuandika Hisabati si kosa, na asitokee mtu hapa wa kuniambia nikabadilishe. Nimeshasikia yote: mwanamke hesabu za nini, mkimbizi hapewi kazi, mtii mzazi upate heri. Mimi damu naiogopa na sindano naichukia. Mgonjwa gani anastahili nesi wa kulazimishwa?

Wiki iliyopita jibu lilikuja, nimechaguliwa. Nilimwambia baba neno moja tu, nimepata, akatoka mbio kwa mchungaji bila hata kuvaa viatu. Kwetu jambo kama hili halibaki la nyumba moja. Mchungaji ametangaza kwamba Jumapili hii nitaitwa mbele, niwekewe mikono, nitoe ushuhuda kama nesi wa kwanza wa kanisa letu. Majirani wameshaanza. Juzi mama mmoja alinisimamisha kisimani anionyeshe kidonda cha mtoto wake.

Jana baba aliniita nijaribu nguo. Alikuwa amekwenda Old Town, sokoni Lilongwe, kununua kitambaa cheupe, akashona sare ya nesi yenye mifuko miwili, bila kunipima hata mara moja. Nilipoivaa ilinikaa sawasawa. Akanizunguka, akaninyooshea bega, akasema, "Mama yako angeona." Kisha akatoka nje. Nilibaki nimesimama humo ndani ya ile nguo, mwongo mtupu.

Chuo naenda, na Hisabati nitasoma, hilo halina mjadala. Ushuhuda wa uongo madhabahuni sitautoa. Lakini kumvua baba nguo mbele ya kanisa zima pia sitaki, ni yeye pekee niliye naye. Leo ni Ijumaa. Sasa hivi ninavyoandika yuko barazani anashona kofia ya ile sare. Nishaurini ndugu zangu, nianze na neno gani?