X ya Bondeni

Tabia hakumwamini mtu anayeleta msaada usioombwa. Ndiyo maana Lambert, Mkongo wa Lubumbashi aliyefanya kazi na chama cha kufufua ardhi oevu, alipofika kwenye ploti ya Tabia kusini mwa Johannesburg, alipewa kiti lakini chai hakupewa. Kwa mwanamke wa Dar es Salaam, hilo ni tusi zima.

"Mama Tabia, hapa chini kulikuwaka maji," Lambert alisema, akionyesha bonde kavu nyuma ya nyumba. "Tunaweza kuyarudisha. Udongo utabakia wako."

Udongo. Nyumba hakuitaja! Tabia aliliweka hilo moyoni. Lakini kisima kilikuwa kimekauka, na mchicha aliouza Jules Street, kule Malvern, ulikuwa unanyauka, basi akakubali shingo upande.

Wapimaji walikuja akiwa kazini. Aliporudi alikuta X nyekundu, kubwa, kwenye mkaratusi ulio karibu na ukuta wa nyumba.

Kule Dar watu wa serikali walimchorea mama yake X kama hiyo ukutani, nao pia walianza na maneno matamu ya kulitunza bonde. Kisha likaja tingatinga. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tabia akachukua brashi ya chuma, akasugua ile X mpaka gome likatoka.

Lambert alipokuja na watu wa misumeno, alimkuta mlangoni na panga.

"Mnabomoa lini?"

"Kubomoa nini, Mama?"

"Usinichezee, kaka. X si mmeshaweka?"

"Eish! Haiko nyumba tunabomoa, Mama! Miti njo tunakata. Hii mikaratusi inakunywa maji yote."

Hakumsadiki. Alishuka bondeni kujionea mwenyewe, panga mkononi. Kila mkaratusi ulikuwa na X yake, hata ule wa mwisho kabisa, kwenye uzio wa jirani. Alirudi, akamnyang'anya Lambert kopo la rangi, akauendea mti aliofuta X yake.

"Huu nachora mwenyewe," alisema.

Mti ulipoanguka, Tabia hakuutazama. Alitazama ukuta. Ulikuwa umesimama. Hapo ndipo alipomlilia mama yake, kisha akaingia ndani kumbandikia Lambert chai.