Pete Kwenye Koo la Wekesa

Siku ya kwanza kazini, hospitali moja ya Kitale, sista msimamizi aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu, lakini nimechinja ng'ombe Chwele miaka tisa. Alicheka, akanipa kazi ya kuosha kamera, ule mpira mrefu wenye taa ambao daktari hupitisha mdomoni mpaka tumboni. Baadaye nikawa mshika vichwa vya wagonjwa kamera ikipita. Nyinyi vijana wa siku hizi mna vyeti. Mimi nilikuwa na mikono isiyotetemeka.

Nilipohamia Bungoma, miaka ya elfu mbili, aliletwa Wekesa, mkulima wa Kamukuywa. Nyama ilikuwa imemkwama kooni, hata mate hayapiti. Mara ya nne hiyo. Kwao walishasema mama yake wa kambo ana jicho baya, na mahindi yakivunwa ahame.

Daktari mkuu aliisukuma ile nyama taratibu, ikashuka. Kisha akaisimamisha kamera. Nikatazama kioo kinachoonyesha picha yake. Ng'ombe ana njia mbili shingoni: ya hewa ina pete, ya chakula ni laini. Hii ilikuwa na pete, moja nyuma ya nyingine, zinajikaza kama kuna mtu ndani anavuta.

"Daktari, umeingia njia ya hewa."

"Angekuwa anakohoa, mzee. Hii ni ya chakula."

Miaka tisa ya kuchinja, sikuwahi kuona njia ya chakula yenye pete.

Alinyofoa vipande vidogo vya nyama ya koo, vikapelekwa maabara. Vilijaa eosinofili, askari wa damu wanaopigana na minyoo, au na chakula ambacho mwili umekikataa, na vita vyao ndivyo vilivyokaza zile pete. Minyoo Wekesa hakuwa nayo. Akapewa dawa ya pumu ya kupuliza, ila ya kumeza, si ya kuvuta, na akaachishwa maziwa. Koo likafunguka. Dawa ikaisha, bado akawa anameza vizuri. Aliporudia maziwa tu, ugali ukakwama.

Akaniomba nikawaeleze watu wake. Nilienda kifua mbele. Nikasema si jicho, ni maziwa, mwili wake unayakataa.

Baba yake mdogo akaniangalia. "Wewe mchinjaji, na hayo maziwa kila asubuhi alikuwa analetewa na nani?"

Wote walimgeukia yule mama wa kambo, amesimama na kibuyu chake cha maziwa. Nilikuja kumtoa lawamani, nikawa nimemfunga.

"Mama, nipe kikombe," nikamwambia.

Nikanywa chote. Hawakuangalia uso wangu, waliangalia shingo, kama yatakwama. Nilirudi siku saba mfululizo, nikanywa, nao wakaangalia. Siku ya saba yule baba mdogo akanyoosha kikombe chake mwenyewe, naye amiminiwe. Mahindi yakavunwa, mama hakuhama.

Sasa nimestaafu. Chakula kikikukwama mara kwa mara, nenda hospitali, usitafute jirani wa kulaumu. Lakini mimi, mpaka leo, nikinywa kitu huweka kidole shingoni. Nazigusa pete za njia ya hewa, ziko pale pale zinapotakiwa. Ile nyingine, ya nyuma, kidole hakiifikii.