Kumi na Nne au Kumi na Moja: Mwalimu Enesi na Mkwewe wa Nyuma ya Matete

Umande haujakauka Ikinga, na Mwalimu Enesi Swila anaacha njia. Anajibanza kwenye migomba, anageuza uso, anasubiri. Mzee mwenye koti la kaki anapita bila kutazama pembeni, anakohoa kidogo kumjulisha kuwa amekwisha pita. Ndipo Enesi anarudi njiani na kumfuata kwa mbali. Wote wawili wanakwenda shule moja.

Mzee huyo ni Mwalimu Zebedayo, baba mkwe wake. Kwa desturi ya Wandali hapa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Ukristo umelegeza mengi huku Ileje, lakini hilo bado limekaza.

Shule yao ina vyumba viwili, na kati yake ukuta wa matete. Upande mmoja Zebedayo anafundisha darasa la tatu. Upande wa pili Enesi ana darasa la nne, watoto thelathini na wanane juu ya magogo. Neno likisemwa huku linasikika kule, na ubishi wao wa hesabu umepata njia hapo.

"Tatu jumlisha nne mara mbili," anasema Enesi, akiandika ubaoni 3 + 4 × 2. "Watoto wanakuja kwangu wakijua jibu ni kumi na nne. Kwangu mimi ni kumi na moja. Chuoni tuliambiwa kuzidisha kunatangulia."

Mzee alifundishwa kuanzia kushoto, na si mtu wa kuhamahama.

"Waambieni jirani zetu," alisikika siku moja akiwaagiza wanafunzi wake, sauti kaipandisha makusudi, "hakuna anayesoma mwisho wa mstari wa Biblia kabla ya mwanzo. Watoto watatu wamekaa, wanakuja wanne, kila mmoja mpe ndizi mbili. Ngapi hizo?"

"Kumi na nne," darasa la tatu likaitika.

Enesi naye akawageukia wake. "Nanyi waambieni jirani zetu, nina ndizi tatu. Wageni wanne wananiletea mbili mbili. Ninazo ngapi?"

Kumi na moja. Ndizi za mzee ni kweli, na za mkwewe ni kweli vilevile. Kilichokosekana ni mabano tu, ya kuonyesha kipi kianze, na walimu wote wawili wanalijua hilo.

Ungekuwa mchezo wa kuchekesha, kama si mtihani wa kuingia shule ya kati. Mwaka jana, 1952, hesabu ya namna hiyo ilitoka, bila mabano. Watoto waligawanyika: waliompenda zaidi mzee walijibu kama mzee, waliompenda Enesi wakajibu kama Enesi. Waliochaguliwa ni wawili tu. Walimu walipouliza jibu lipi lilikuwa sahihi, mkaguzi mmoja alisema hili, aliyemfuata akasema lile.

"Iliniuma," anasema Enesi. "Wale hawakushindwa hesabu. Sisi ndio tuliwavuta huku na huku."

Na kuna lingine linalomuuma. Mumewe, Osea, yuko migodini Rodesia ya Kaskazini, mwaka wa nne sasa. Kuni anazozikuta mlangoni asubuhi zimechanjwa na mzee. Mwanawe akiugua, habari hupita kwa mama mkwe, na mzee ndiye anayekwenda zahanati kwa miguu kuleta dawa. Kubishana na mtu wa namna hiyo, anasema, kunamnyima usingizi.

Basi Jumatatu iliyopita aliamua kusalimu amri. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: TUNAANZIA KUSHOTO. Watoto wakiwa bado wanasoma, midomo wazi, sauti ya mzee ikatoka nyuma ya matete: "Kuanzia leo tunazidisha kwanza, kama darasa la nne."

"Mwalimu, sisi tumehamia kwenu!" mtoto mmoja wa darasa la Enesi akapaza sauti.

Halafu mzee akacheka, kicheko kirefu cha tumboni, na madarasa yote mawili yakaangua naye. Enesi anasema tangu aolewe hakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Waambieni jirani zetu," mzee akasema alipopata pumzi, "mmoja abaki alipo, la sivyo tutapishana tena. Abaki mwalimu wao. Yeye ndiye anayewafikisha kwenye mtihani."

Enesi aligeukia ubao akafuta taratibu, ili watoto wasiyaone machozi.

Mtihani ni Novemba. Hakuna ajuaye mtungaji ana mawazo gani, ila safari hii watoto wataingia na neno moja. Na Osea ameahidi kurudi baada ya mavuno. Enesi ameomba, kupitia kwa mama mkwe, wazee wa ukoo wakae wamruhusu kusalimiana na baba yake Osea.

"Nikiruhusiwa," anasema, "neno la kwanza nitamwambia asante. La pili nitamwambia kwamba hata kumi na nne yake ilikuwa sahihi."