Nyundo Haingoji

Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi blauzi ya mahojiano ya kazi nilipomsikia kijana wa chumba cha pili akipaza sauti nyuma ya ukuta wa mabati: "Simamisha!" Mdundo ukakatika. Akasema yeye ni mtoto wa nani, ametoka wapi, na kwa nini Kawangware 46 nzima inafaa kumheshimu. Kisha mdundo ukarudi. Nilisahau pasi juu ya blauzi. Sasa ina alama ya kahawia mgongoni. Nikivaa koti haionekani. Nimejaribu mbele ya kioo mara nne.

Neno lile nalijua, rafiki yangu. Nililisikia kwanza mtaani kwetu Laini Saba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kibanda cha fundi wa majiko kando ya reli.

Fundi alikuwa mzee tayari. Watu wazima walisema zamani alipiga gitaa kwenye bendi, na sauti yake imo kwenye santuri. Mimi gitaa hilo nililiona tu likining'inia kwenye msumari, nyuzi mbili zikikosekana. Alichokuwa nacho ni nyundo. Alikunja mabati ya mapipa kuwa majiko, na nyundo ikishashika mwendo, alianza kuongea juu yake. Hakuimba. Ukimwambia aimbe alijibu, "Kuimba waachie kwaya. Mimi naongea na watu." Aliongea habari za unga, za wanaofuata reli kwa miguu kwenda viwandani alfajiri, za mwenye ploti aliyepaka lango rangi na kuacha choo bila mlango. Yalikuwa maneno ya kila siku, ila yalitua kwenye pigo kama yamepimwa. Jumamosi mchana vijana wa Ayany, mtaa wa nyumba za mawe juu yetu, walishuka kumsikiliza, redio kubwa begani. Walikuwa wanarapu kwa Kiingereza cha Marekani, kuhusu magari ambayo hawakuwa nayo. Kwake waligundua kwamba hata choo cha ploti kinaingia kwenye wimbo.

Fundi alikuwa na sheria moja, aliyoitoa kwao upande wa ziwa. Huko wanaiita pakruok: muziki unasimamishwa, mtu anajisifu, muziki unaendelea. Yeyote angeweza kusema "Simamisha!" na nyundo ikatulia. Lakini ulipaswa kuanza papo hapo: mtoto wa nani, wa wapi, una sifa gani. Ukichelewa, nyundo ilirudi na nafasi yako imekwenda. "Nyundo haingoji anayefikiria," alisema, na walioshindwa walizomewa mpaka darajani.

Mimi nilikuwa darasa la sita na nilitaka sana kusimamisha ile nyundo. Niliandika sifa zangu nyuma ya daftari la hesabu, nikazifuta, nikaandika tena. Nilizikariri nikichambua omena, dagaa wa ziwani, za nyanya aliyenilea, ambaye alizikaanga mlangoni kila jioni hadi nguo zangu za shule zikanuka mafuta. Jumamosi moja nyanya alinituma kwa fundi na jiko letu lililotoboka. Nikawakuta vijana wa Ayany wameleta kanda mpya, wanamrekodi. Nikaweka jiko chini.

"Simamisha!"

Nyundo ikanyamaza. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Mimi ni mtoto wa..." Hapo nikakwama. Kwenye daftari niliandika nyanya. Lakini nyanya hakunizaa. Mama alikuwa ameolewa kwingine na baba simjui. Nikimtaja nyanya, si watauliza mama yuko wapi?

"Aah, betri inaisha!" akasema mmoja. "Msichana, wewe ni mtoto wa nani, wa treni?"

Wakacheka. Nyundo haikurudi. Fundi alisema yeye mwenyewe: "Huyu ni mtoto wa nyanya muuza omena, anayepima kwa jicho na hapunji mtu. Huyu ni wa Laini Saba, anayeruka mtaro akiwa ameshaupima mara tatu, ndiyo maana hajawahi kutumbukia." Kisha akapiga nyundo mara mbili na kuendelea na kazi.

Alipomaliza jiko aliniambia polepole, "Nimekuwekea mtungi kwenye foleni ya maji. Siku yako ikifika, utateka mwenyewe."

Vijana walinipa nakala ya kanda ile. Nilivunja mwenyewe vile vipande vidogo vya plastiki vya ukingoni, ili asije mtu akarekodi juu yake. Nilikuwa shule ya bweni nyanya alipoziba matundu yake kwa karatasi na kurekodi kwaya ya kanisa lake. Hakujua. Sikumwambia. Ukiisikiliza leo, kabla ya wimbo wa kwanza kuna nyundo, mapigo mawili, halafu akina mama wanaanza.

Mwezi jana, kwenye mahojiano ya kwanza, mama mmoja mpole alisema, "Jieleze." Nina digrii. Nilipanga sentensi ya kwanza kichwani, nikaifuta, nikaipanga tena, mpaka akanisukumia glasi ya maji.

Basi blauzi ilipoungua nilienda kubisha kwa majirani.

"Niaje siz, tunakupigia kelele?"

"Hapana. Hiyo 'simamisha' mmeitoa wapi?"

"Hiyo ni ya kitambo. Mabrathe wa Ayany ndio waliianza."

"Hawakuianza wao," nikasema, na nikawaeleza habari za fundi. Walinisikiliza vizuri. Mdogo wao akauliza, "Sasa huyo buda aliitwa nani?"

Sikujua. Alimfanya kila mtu ajitaje, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Kibanda kilibomolewa, akarudi ziwani na gitaa lake. Nyanya, ambaye labda angejua, alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni.

Kijana alivuta mtungi mtupu wa maji, akaanza kuugonga. "Basi msemee wewe."

"Simamisha," nikasema, na kabla sijafikiria: "Mimi ni mtoto wa nyanya muuza omena wa Laini Saba. Nilisemewa na fundi wa majiko aliyeongea nyimbo. Jina lake silijui, na hilo ni kosa langu." Nilirudia "Laini Saba" mara tatu. Mtungi ukaendelea.

Mahojiano ni Jumatatu. Kibanda hakipo, nyanya hayupo, na kanda imejaa kwaya. Wakisema nijieleze, nitahesabu yale mapigo mawili yaliyobaki, halafu nianze.